Sikio na Waya wa Ardhi

Yako makosa ambayo mtu huyafanya kwa mkono, na yako ayafanyayo kwa ulimi. Nayo haya ya pili ni mazito zaidi, kwa kuwa mkono huishia pale ulipofika, bali neno huenda nyumba kwa nyumba. Leo twapenda kuwasimulia kosa letu la ulimi, lililotokana na sikio letu wenyewe, katika habari ya chombo cha muziki na waya wake wa ardhi. Hatuandiki ili kuchekesha watu, ingawa wako waliocheka. Twaandika kwa sababu jirani zetu wawili walitoa fedha zao kwa kuliamini neno letu, na neno lile halikuwa kweli.

Sisi tu wenyeji wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Aijuaye nchi hii ajua kwamba juu yake hakuna mto. Ardhi yake ni ya mchanga, na mvua ikinyesha hunywewa mara moja ikaenda chini sana. Chemchemi ziko mabondeni. Zamani, kabla mabomba hayajaenea, mama zetu walishuka mteremko alfajiri na kupanda na mtungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kwa hiyo maji kwetu yalikuwa kitu cha kuhesabiwa kwa kata.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya miaka kadhaa naye akapata redio, kubwa kama kasha, itumiayo betri kavu. Nyuma yake palikuwa na matundu mawili: moja la waya wa angani, uliofungwa juu ya mwembe, na moja la waya wa ardhi, uliofungwa katika chuma kilichochomekwa chini nje ya dirisha. Wakati wa masika redio ilisema vizuri. Kiangazi kikija, mchanga ukikauka, sauti ilififia ikawa kama ya mtu asemaye ng'ambo ya bonde. Ndipo sisi watoto tulipotumwa kumwaga kata moja ya maji penye kile chuma. Mama alinung'unika kwamba maji yaliyopandishwa mlima kwa kichwa yanyweshwa chuma. Walakini baba hakuacha, maana maji yakiisha kumwagwa sauti ilirudi.

Twaomba msomaji aliweke moyoni jambo moja hapa. Wazee waliokuwa wakikaa barazani, wasioona nani ameshika kata wala kama imeshikwa, walitambua mara moja, wakasema, "Haya, sasa yasema." Hawakuwa na haja ya kuambiwa. Tofauti ile ilikuwa ya kweli, na sababu yake yajulikana: kwa redio za namna ile, ardhi ni kama nusu ya pili ya waya wa angani, na mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya, bali mchanga wenye unyevu huupitisha vizuri zaidi. Basi tulikua tukiamini kwamba waya wa ardhi ni dawa ya sauti. Na imani hiyo, iliyokuwa ya kweli kwa chombo kimoja, ndiyo iliyotupoteza tulipopata chombo kingine.

Waya huu una historia yake. Mwaka 1752 Mmarekani Benjamin Franklin alionyesha kwamba radi ni umeme, na kwamba nondo ya chuma iliyosimamishwa juu ya nyumba na kuunganishwa na ardhi yaweza kuushusha bila kuichoma nyumba. Mwaka 1838 Mjerumani Steinheil, alipokuwa akijaribu simu ya maandishi, aligundua kwamba hahitaji waya wa pili wa kurudishia umeme. Ardhi yenyewe yatosha kuurudisha. Na katika nyumba za siku hizi ardhi ina kazi ya tatu, nayo ni kulinda watu. Umeme wa nchi yetu ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Ule waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, hushikamana na kasha la chuma la chombo. Hata ikiwa waya wa moto umechubuka ndani ukagusa kasha, umeme upate njia ya kwenda ardhini isiyokuwa mwili wa mtu.

Sasa tuje katika habari zetu. Mwaka 2016, tulipostaafu, tulitenga sehemu ya kiinua mgongo tukanunua amplifaya, spika mbili kubwa, na kompyuta ya kuwekea nyimbo za kwaya. Watu wa Masasi na Newala wapenda kuimba. Tangu Askofu Steere alipowafikisha Masasi watu waliowekwa huru kutoka Unguja, mwaka 1876, kuimba kanisani ni mali yetu sote. Sisi tulikuwa na kanda za zamani za kwaya yetu, tukataka kuzihifadhi zisipotee. Amplifaya tuliiweka sebuleni. Kompyuta ilikaa katika chumba cha uani, kilichojengwa baadaye na chenye nondo yake ya ardhi; na waya wa sauti tuliupitisha dirishani.

Tulipowasha, palitokea mvumo chini ya nyimbo zote, mvumo wa nyuki ndani ya mzinga. Kijana mmoja akatuambia, "Mwalimu, kata huo waya wa kijani ndani ya plagi, mvumo utakoma." Tukaukata; na kweli ukakoma. Tukafurahi. Masika ya mwaka 2017 panya wakatafuna waya ndani ya amplifaya. Mjukuu wetu akaingia kutoka nje, miguu mitupu na yenye maji, akaligusa kasha, akatupwa nyuma hata ukutani. Mungu alimhurumia, aliamka akilia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwetu kuliko kwaya zote. Siku ile ile tulizima chombo. Fundi akatengeneza yaliyotafunwa, nasi tukaurudisha waya wa kijani mahali pake. Mvumo nao ukarudi, tukauvumilia mwaka mzima na zaidi.

Mwezi wa Januari 2019 akaja mfanya biashara mmoja, mtu mpole na mwenye maneno ya elimu. Alikuwa na visanduku vyeusi vya mbao, vizito, akasema ndani yake mna mchanga wa madini ya namna yake, na kwamba kisanduku kikiunganishwa kwa waya nyuma ya amplifaya, uchafu wote wa umeme huingia humo, na sauti hubaki safi. Hakuyatunga yeye mambo haya. Visanduku vya namna hii huuzwa Ulaya na Marekani pia kwa wapenzi wa muziki, vingine kwa maelfu ya dola. Chake kilikuwa shilingi 330,000, yaani thamani ya kilo 100 za korosho kwa bei ya shilingi 3,300 iliyotangazwa na Serikali mwezi wa Novemba 2018. Tukakumbuka kata ya maji ya baba yetu, tukalipa.

Alipokuja kukifunga, alisema meza ipangwe vizuri. Akaileta kompyuta sebuleni, akachomeka kompyuta na amplifaya katika soketi moja, kisha akaunganisha kisanduku. Tukawasha. Mvumo haukuwapo! Wala si hivyo tu: tulisikia sauti za chini zimekuwa pana, tulisikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya ubeti, tulisikia mambo ambayo, tulivyodhani, hatukuwahi kuyasikia katika kanda zile. Mama watoto akasema naye asikia. Mkuu wa kwaya akaja, akaketi, akafumba macho, akasema, "Naam, Mwalimu, ni tofauti kama mchana na usiku."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulishuhudia habari hiyo mbele ya watu. Mwalimu wa zamani akisema kitu, watu husadiki. Jirani wawili wakanunua. Mmoja ni mwanamume mwenye duka, naye hakuumia sana. Wa pili ni mama mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya yetu, naye mama alikuwa na redio ndogo na nakala ya zile kanda. Alitoa fedha za korosho zake, ambazo alikusudia kumnunulia mwanawe sare na madaftari. Baada ya siku chache akaja nyumbani, akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki. Sasa namsikia waziwazi." Nasi tukamshukuru Mungu pamoja naye.

Tarehe 24 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, alikuja kututembelea mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa afundisha fizikia Masasi. Alifuatana na rafiki yake. Akatuamkia, tukaitikia, tukampa chai, tukamwonyesha kisanduku kwa majivuno. Akasikiliza nyimbo mbili, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo zangu zitangulie, Mwalimu, maana nitasema neno. Wewe ndiwe uliyenifundisha darasa la sita habari ya Gideoni na ngozi ya kondoo. Ulituuliza kwa nini Gideoni aliomba ishara mara mbili."

Tukakumbuka. Usiku wa kwanza aliomba umande uwe juu ya ngozi, na nchi iwe kavu. Usiku wa pili aliomba kinyume chake, ngozi iwe kavu na nchi iwe na umande. Kwa maana ngozi yaweza kupata umande kwa sababu yake yenyewe. Lakini mambo yakigeuka hivi na hivi kama ulivyoomba, hapo hapana shaka tena. Tukamwambia, "Basi, mwanangu, tujaribu."

Jaribio lake lilikuwa hivi. Alitundika shuka mbele ya meza. Kitasa cha kuongeza sauti alikifunga kwa utepe kisiguswe. Rafiki yake aliingia nyuma ya shuka na sarafu. Akairusha, na kwa jinsi ilivyoanguka aliunganisha kisanduku au alikitenga, akaandika katika karatasi, akatoka nje kimya. Mwanafunzi wetu mwenyewe, aliyeketi pamoja nasi, hakujua kilichofanyika, ili uso wake usitupe habari. Wimbo ulikuwa ule ule. Tulisikiliza watatu, sisi, mama watoto, na mkuu wa kwaya, kila mmoja na karatasi yake, pasipo kusemezana. Tukaandika "kipo" au "hakipo", mara kumi.

Karatasi zilipolinganishwa, sisi tulikuwa tumepata 5. Mama watoto alipata 4, na mkuu wa kwaya 6. Jumla ni 15 katika 30. Kama tungalilala usingizi na kuiachia sarafu itujibie, ingalipata kadiri hiyo hiyo. Mwanafunzi akatueleza kwamba mtu abahatishaye tu hupata 9 au zaidi katika 10 kama mara moja katika mia. Kwa hiyo mmoja wetu angalipata 9, neno lingekuwa la kufikiriwa. Hakuna aliyekaribia.

Tulikasirika, twaungama. Tukamwambia kwamba masikio yetu yamezeeka, na kwamba mvumo ulikuwapo nao ukakoma, hilo hawezi kulikana. Akajibu, "Silikani, Mwalimu. Na tujaribu la pili." Akakitenga kisanduku kabisa, akakiweka barazani. Kisha rafiki yake akarusha sarafu kama kwanza, ila safari hii kompyuta ilichomekwa ama katika soketi ya sebuleni pamoja na amplifaya, ama kwa waya mrefu katika soketi ya uani. Tukasikiliza. Sote watatu tulipata 10 katika 10, wala haikuchukua dakika.

Basi masikio yetu hayakuwa mabovu. Mvumo ulitokana na nondo mbili. Nondo ya nyumba na nondo ya uani hazilingani sawasawa, hasa katika mchanga wetu. Na kila chombo kikiwa na ardhi yake, umeme mdogo hupita kutoka ardhi moja kwenda nyingine kwa njia ya waya wa sauti, ukasikika katika spika. Mfanya biashara alipochomeka vyombo viwili mahali pamoja aliuondoa mvumo bila gharama, kisha kisanduku kikapewa sifa. Hatusemi kwamba alitudanganya kwa kusudi. Yamkini naye alisikia kama tulivyosikia sisi.

Lakini zile pumzi za waimbaji, na zile sauti zilizokuwa pana, tulizisikiaje? Tumelifikiri sana jambo hili. Pumzi zilikuwamo katika kanda tangu mwanzo. Sisi ndio ambao siku ile, kwa kuwa tumelipa, tulisikiliza kwa bidii ambayo hatukuwa nayo kabla. Tena sauti ikizidi kidogo sana, hata mtu asijue kwamba imezidi, husema ni tamu zaidi. Ndiyo sababu kitasa kilifungwa. Na zaidi ya hayo, moyo hutangulia mbele ya sikio. Isaka mzee, asiyeona tena, alisikia sauti akaitambua kuwa ni ya Yakobo. Sikio lake lilimwambia kweli. Lakini mkono wake uligusa manyoya, pua yake ikanusa mavazi ya Esau, akaliacha sikio akamfuata mkono. Nasi vivyo hivyo: jicho letu liliona kisanduku cheusi, mkono wetu ulihesabu fedha, na sikio likafuata nyuma kama mtumwa.

Wala si sisi wajinga wa kwanza. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliagiza uchunguzi wa tabibu mmoja, jina lake Mesmer, na wafuasi wake, waliodai kuponya watu kwa nguvu ya sumaku isiyoonekana. Miongoni mwa wachunguzi alikuwamo yule yule Franklin wa radi, akiwa mzee. Kijana wa miaka 12 alifungwa macho, akaongozwa kwenye miti ambayo mmoja wake ulikuwa umetiwa nguvu hiyo. Akazimia kwenye mti wa nne, nao hakuwa ule. Kijana hakusema uongo, alizimia kweli. Ila sababu ilikuwa moyoni mwake, si mtini.

Usiku ule hatukulala vizuri. Fedha zetu hazikutusumbua. Lilitusumbua neno lile tulilolisema baada ya ibada. Amri yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi tulijitetea kwamba tulidhani ni kweli. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kudhani mbele ya watu na kuita dhana yake ushuhuda, na hali kupima kungalimgharimu shuka moja na sarafu moja.

Jumapili tukasimama pale pale, tukasema habari yote. Mwenye duka alicheka, akasema kisanduku kitamfaa kuzuia mlango. Kwa mama mjane tulikwenda sisi wenyewe. Tulimwambia kwamba tutamrudishia shilingi zake 330,000 kwa mafungu matatu, kwa kuwa alinunua kwa neno letu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Fedha nitapokea, Mwalimu, maana mtoto ana mahitaji. Lakini usiniambie kwamba sikumsikia." Tukamjibu, "Ulimsikia, mama. Sauti yake imo katika kanda, haimo katika sanduku. Kesho utamsikia vilevile." Akatoa ule waya nyuma ya redio kwa mkono wake, akawasha, tukasikiliza pamoja. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndiye."

Sasa, ndugu, twawapa yale tuliyojifunza. Usikate waya wa kijani na manjano kwa ajili ya mvumo, hata kidogo. Maana mvumo hukera, bali umeme huua. Kwanza chomeka vyombo vyote vya muziki katika soketi moja. Tena usiitegemee nondo peke yake katika nchi ya mchanga. Tuseme nondo yako katika mchanga mkavu ina uzuizi wa ohmu 600: volti 230 zikipita hapo, umeme haufiki hata nusu ya ampea, na fyuzi ya ampea 13 haitakatika kamwe, na kasha litabaki na moto. Kwa hiyo mwombe fundi aipime nondo, aichomeke mahali penye unyevu, kama karibu na maji ya bafuni, au aongeze nyingine na kuziunganisha. Na juu ya yote aweke ile swichi ya usalama ikatayo umeme mara upoteapo kiasi cha miliampea 30. Tulipoulizia, bei yake ilikuwa chini sana ya ile ya kisanduku, na kazi yake yaweza kupimwa: ina kitufe cha kuijaribia.

Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasipokee kila kitu hivi hivi, bali wapime yote, kisha walishike lililo jema. Zamani tulidhani agizo hilo ni la mahubiri na unabii tu. Sasa twaona lahusu hata waya, na hasa lahusu kinywa cha mtu ambaye watu wamezoea kumsadiki.

Nondo yetu sasa iko penye maji ya bafuni. Mjukuu wetu, kila ayamwagapo, husema ainywesha redio ya babu yake mkubwa. Nasi twamwacha aseme.